CHOMBO CHA MTANUKO KATIKA INJINI YA MAZUTU: KAZI YAKE, KANIENEO YAKE NA JINA LAKE

0. UTANGULIZI

Katika magereji ya Uvira, Bukavu na Lubumbashi, Kiswahili ndicho lugha ya kazi. Fundi humfundisha mwanafunzi wake kwa Kiswahili, ilhali kitabu cha injini, ikiwa kipo, kimeandikwa kwa Kifaransa, Kiingereza au Kijerumani. Kati ya lugha ya mkono na lugha ya kitabu kuna vifaa vingi ambavyo majina yake yamefika bila maelezo yake. Makala haya yanachagua kimoja tu: chombo kidogo, aghalabu cha plastiki nyeupe, kilichounganishwa kwa mipira na rejeta (wasemaji wengi wa Kongo husema radiatere), kinachoshika sehemu ya maji yanayopoza injini. Kifaransa hukiita vase d'expansion. Katika usemi wa kila siku chombo hicho huitwa chupa ya maji, au bidoni ya maji.

Jina hilo halina kosa la kisarufi. Kosa lake liko katika maana. Chupa ni kitu kinachofunguliwa wakati wowote mtu anapotaka kutia kitu au kutoa kitu. Lakini chombo hiki, katika magari mengi ya leo, hakifunguliwi kamwe injini ikiwa moto. Anayekiita chupa na kukitendea kama chupa anaweza kuunguzwa uso na mikono kwa muda mfupi kuliko ule wa kutamka jina lenyewe.

Shabaha ya makala haya ni mbili. Kwanza, kueleza kwa Kiswahili cha kawaida jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi na kwa nini kuna kanieneo ndani yake. Pili, kuonyesha kwamba jina la kifaa ni sehemu ya usalama wake. Neno kanieneo litatumika hapa kwa maana waliyolipa wanaistilahi wa Tanzania, yaani kani inayosukuma juu ya eneo fulani. Kipimo chake kitakuwa bari. Bari 1 inakaribia sana kanieneo ya hewa kwenye usawa wa bahari.

1. JOTO LINALOTAFUTA NJIA

Injini ya dizeli, ambayo mhandisi Rudolf Diesel aliifanikisha huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haina plagi za kuwashia mafuta. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka inapata joto kali, kisha mazutu hunyunyiziwa humo na kuwaka yenyewe. Wakati wa kuwaka, gesi zilizomo hufikia joto linaloweza kupita nyuzi 2000 za Selsiasi, ingawa kwa kitambo kidogo sana. Chuma cha injini hakiwezi kuvumilia joto hilo kama hakipozwi.

Si nishati yote ya mazutu inayogeuka kuwa kazi. Katika injini nyingi za malori, sehemu inayofika kwenye magurudumu haizidi sana theluthi moja hadi mbili kwa tano. Sehemu nyingine kubwa hutoka pamoja na moshi. Inayobaki, ambayo kwa kawaida ni kati ya robo na theluthi, huingia katika chuma cha silinda na kichwa chake, na lazima iondolewe na maji. Pampu huyasukuma maji hayo kuzunguka silinda, yakisha kuchukua joto hupita katika rejeta, na upepo wa feni hulichukua joto hilo na kulipeleka hewani. Kati ya injini na rejeta huwekwa mlango unaojifungua wenyewe, yaani themostati. Maji yakiwa baridi hufunga njia ya rejeta ili injini ipate joto upesi. Yakifika kati ya nyuzi 80 na 90 hivi, hufungua.

Mpaka hapo mambo ni mepesi. Ugumu unaanza na tabia mbili za maji ambazo kila mpishi anazijua, hata kama hajawahi kuzipima: maji yakipashwa moto hutanuka, na yakizidi kupashwa huchemka.

2. MAJI HUTANUKA

Maji yanayotoka nyuzi 20 kufika nyuzi 90 huongezeka ujazo kwa takribani asilimia 3.4. Idadi hiyo yaonekana ndogo. Lakini lori lenye lita 30 za maji ya kupozea litajikuta, injini ikisha kupata moto, na lita 31. Lita hiyo moja ya ziada haikutiwa na mtu yeyote. Imezaliwa na joto, nayo inadai mahali pa kukaa. Maji yakichanganywa na dawa ya kuzuia kutu na kuganda, ambayo Wakongo wengi huiita kwa Kifaransa antigel, mtanuko huwa mkubwa zaidi kidogo.

Maji hayakubali kugandamizwa kama hewa. Kama mfumo mzima ungejazwa maji mpaka pomoni na kufungwa, lita hiyo ya ziada ingepasua mpira au rejeta. Kwa hiyo chombo cha mtanuko huachiwa nafasi ya hewa juu ya maji. Hewa ndiyo inayojikunja ili maji yapate kutanuka. Alama mbili zilizochorwa ubavuni mwa chombo, ya chini na ya juu, zinaeleza mpaka wa jambo hilo: chini ya alama ya kwanza maji ni haba, juu ya alama ya pili hewa ni haba.

Hapa ndipo unapopatikana ufafanuzi wa lalamiko linalosikika mara kwa mara: kwamba gari fulani «linakunywa maji». Dereva hujaza chombo mpaka mdomoni kila asubuhi. Jioni hukuta maji yameshuka. Kesho hujaza tena. Si lazima pawe na tundu popote. Kwa kuwa nafasi ya hewa imejazwa maji, mtanuko haupati mahali, kanieneo hupanda mpaka kifuniko kinafunguka chenyewe, na maji ya ziada humwagwa barabarani. Kiasi kinachomwagwa kinakaribia kile kilichozidishwa. Hivyo baadhi ya magari «yanayokunywa maji» hayana ugonjwa. Yananyweshwa kupita kiasi.

3. MAJI HUCHEMKA, LAKINI SI POPOTE KWA JOTO LILE LILE

Shuleni hufundishwa kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kauli hiyo ni kweli kwenye usawa wa bahari tu. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushinda kanieneo inayoyalalia kwa juu. Kanieneo ikipungua, maji huchemka mapema. Ikiongezeka, huchelewa kuchemka.

Mfano uko karibu. Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, iko kwenye mwinuko wa takribani mita 770, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 97 na kitu. Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1500. Kanieneo ya hewa huko ni kama bari 0.85 tu, na maji huchemka kwenye nyuzi 95. Ndiyo maana maharagi yale yale huchelewa kuiva Bukavu kuliko Uvira, hata moto uwe mkali namna gani: maji yanayotokota wazi hayapandi juu ya joto lake la kuchemka, na Bukavu joto hilo liko chini.

Sasa na litazamwe lori linalotoka Uvira kwenda Bukavu. Hupita tambarare ya Ruzizi bila shida, hufika Kamanyola, kisha huanza kupanda miteremko ya Ngomo likiwa na mzigo. Hapo mambo manne hukutana. Injini hufanya kazi kwa nguvu zake zote, kwa hiyo joto ni jingi. Mwendo ni mdogo, kwa hiyo upepo unaoingia katika rejeta wenyewe ni haba. Hewa inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo kila pumzi ya feni hubeba joto dogo zaidi. Na maji, kama yangekuwa wazi, yangechemka mapema zaidi kwa kila mita linayopanda lori hilo. Injini iliyozoea kufanya kazi kwenye nyuzi 90 ingebakiwa na nyuzi 5 tu kabla ya kuchemka.

Mvuke ukijitokeza ndani ya injini, kupoza kunakoma mahali pale. Kiputo cha mvuke kinachogusa chuma cha moto hakichukui joto kama maji yanavyolichukua. Chuma kilicho nyuma yake huzidi kupata moto, huzaa mvuke zaidi, na kichwa cha silinda hupinda au hupasuka. Kwa familia inayoishi kwa lori moja, kichwa cha silinda kilichopasuka chaweza kuwa mwisho wa biashara.

Dawa ya ugonjwa huo ni kanieneo. Mfaransa Denis Papin aliitambua mwaka 1679 alipounda chungu cha kufungwa kabisa, chenye vali ya usalama, ambamo maji yaliweza kupita joto lake la kawaida bila kuchemka. Mfumo wa kupozea injini ni chungu cha Papin kilichotiwa mipira na pampu. Kifuniko chake kikishika bari 1 zaidi ya hewa ya nje, maji safi yatachemka kwenye nyuzi 120 hivi usawa wa bahari, na takribani nyuzi 118 Bukavu. Dereva aliyekuwa na akiba ya nyuzi 5 sasa anayo akiba ya nyuzi 28. Akiba hiyo haikutokana na maji kuongezwa wala na rejeta kukuzwa. Imetokana na kifuniko.

4. AINA MBILI ZA CHOMBO

Kuna aina mbili za chombo ambazo kwa macho zinafanana, na katika usemi hupewa jina moja. Kuzitofautisha ni jambo la lazima.

Aina ya kwanza ni ya chombo kisicho na kanieneo. Kifuniko chenye springi kiko juu ya rejeta, na chombo kimesimama kando yake, kikiunganishwa na shingo ya rejeta kwa mpira mwembamba mmoja. Maji yakitanuka na kanieneo ikipita kiasi, kifuniko cha rejeta hufunguka na maji ya ziada hutiririka katika chombo. Injini ikipoa, maji hujikunja, na yale yaliyotoka huvutwa kurudi. Chombo hiki kiko wazi kwa hewa ya nje. Kifuniko chake ni cha kuzuia vumbi tu. Huyu ndiye anayestahili kuitwa chupa.

Aina ya pili ni ya chombo chenye kanieneo. Hii ndiyo iliyoenea katika malori ya dizeli na katika magari madogo mengi ya miaka ya karibuni. Chombo huwekwa mahali pa juu kabisa pa mfumo, na plastiki yake ni nene. Kifuniko chenye springi kiko juu ya chombo chenyewe, na mara nyingi rejeta haina kifuniko chochote. Mpira mwembamba, au miwili, hutoka juu ya rejeta au kichwa cha silinda na kuleta maji yaliyochanganyika na viputo. Mpira mnene hutoka chini ya chombo na kwenda penye mdomo wa pampu. Hivyo maji kidogo hupita katika chombo wakati wote injini inapozunguka. Yakifika humo hutulia, viputo hupanda juu, na maji yasiyo na hewa hurudi kwenye pampu. Chombo hiki basi kina kazi tatu: kupokea mtanuko, kutenga hewa na maji, na kutunza kanieneo ya mfumo mzima.

Kwa hiyo jina chupa ni kweli kwa aina ya kwanza, na ni hatari kwa aina ya pili. Fundi aliyefunzwa kwenye magari ya aina ya kwanza alifunzwa sawasawa kwamba rejeta isifunguliwe ikiwa moto, bali maji yaongezwe katika chupa. Akikutana na gari la aina ya pili na kuliita kwa jina lile lile, kanuni njema ya zamani humpeleka moja kwa moja kwenye ajali.

5. KIFUNIKO KINACHOPUMUA

Kifuniko cha kanieneo kina vali mbili. Vali kubwa hushikiliwa na springi. Kanieneo ya ndani ikizidi ile iliyopangwa, springi hujikunja, vali hufunguka, na mvuke au maji hutoka mpaka kanieneo irudi kiasi chake. Nguvu ya springi hiyo mara nyingi huandikwa juu ya kifuniko. Kwa injini nyingi iko kati ya bari 0.5 na 1.5. Vali ndogo hufunguka kinyume: injini inapopoa na maji yanapojikunja, huruhusu hewa au maji kuingia, ili pasiwe na mvuto wa kufyonza mipira mpaka ikalala bapa.

Kwa neno moja, kifuniko hupumua: hutoa pumzi injini ikipata moto mno, huvuta pumzi injini ikilala. Kitu kinachopumua hakizibwi. Kifuniko kilichopotea na mahali pake pakashindiliwa kipande cha mti au tambara lililofungwa kwa mpira wa baiskeli huleta moja kati ya mambo mawili. Ama kizibo hicho hakishiki kanieneo, na maji huchemka kama yaliyo wazi. Ama kinashika kupita kiasi, na mfumo hupasuka mahali palipo dhaifu zaidi. Vivyo hivyo kifuniko cha gari jingine kinachoingia vizuri kwenye uzi wa mdomo si lazima kiwe sahihi: cha bari 0.5 kikiwekwa mahali pa cha bari 1, maji ya Bukavu huchemka kwenye nyuzi 108 badala ya 118.

6. SABABU MOJA ZAIDI INAYOIHUSU DIZELI

Katika injini nyingi nzito za dizeli, ukuta wa silinda ni bomba la chuma linaloweza kutolewa, ambalo mafundi hulijua kwa jina la chemise, na maji hugusa mgongo wake moja kwa moja. Kila mazutu yanapowaka, bomba hilo hupigwa na kutetemeka. Linaporudi nyuma ghafla, kanieneo ya maji yanayoligusa hushuka kwa kitambo kidogo mno, na viputo vidogo vya mvuke huzaliwa. Linaposonga tena, viputo hivyo huanguka kwa kishindo juu ya chuma. Kila kishindo ni kidogo, lakini hurudiwa mamilioni ya mara. Mwishowe chuma huchimbwa vitundu mpaka maji yanaingia ndani ya silinda.

Kanieneo ya kutosha huzuia viputo vingi visizaliwe, na dawa zinazotiwa katika maji hufunika chuma kwa utando wa ulinzi. Maji matupu na kifuniko kibovu, yakikutana, huondoa ngao zote mbili. Pampu nayo hudhurika kwa njia hiyo hiyo, maana mdomoni mwake ndipo kanieneo huwa ndogo kuliko penginepo.

7. KANIENEO INAPOZIDI AU KUPUNGUA

Dalili za kanieneo pungufu ni hizi: maji huchemka mlimani ingawa kwenye tambarare yalitulia, mpira wa juu wa rejeta hubaki laini hata injini ikiwa moto, alama nyeupe au za rangi ya dawa huonekana kuzunguka kifuniko. Jambo la kwanza la kukaguliwa ni kifuniko na mpira wake wa ndani, kisha chombo chenyewe, kwa sababu plastiki iliyozeeka hupata nyufa nyembamba zinazofunguka tu ikiwa moto.

Kanieneo iliyozidi ina maana nyingine. Mtanuko wa maji huchukua dakika kadhaa kujenga kanieneo. Ikiwa mipira inakuwa migumu kama mti mara tu injini baridi inapowashwa, kanieneo hiyo haikutoka kwa joto. Imetoka ndani ya silinda. Gasketi ya kichwa cha silinda, yaani joint de culasse, ikiwa imeungua, gesi zinazofikia kanieneo ya zaidi ya bari 100 hupenya katika njia ya maji. Viputo huonekana katika chombo bila kukoma, maji husukumwa nje ingawa hayajachemka, na pengine moshi mweupe hutoka nyuma.

Hata hivyo fundi mwenye busara hafungui kichwa cha silinda kabla ya kukagua jambo moja. Katika malori yenye breki za upepo, mashine inayogandamiza hewa ya breki mara nyingi hupozwa kwa maji yale yale ya injini. Gasketi yake ikiharibika, hewa ya breki huingia katika maji na kuleta dalili zile zile za viputo na mipira migumu. Kutambua hilo mapema kwaweza kuokoa kazi ya siku kadhaa na gharama kubwa isiyo ya lazima.

Inafaa kutaja pia desturi ya kuondoa themostati kwa kudhani kwamba injini itapoa zaidi katika nchi za joto. Katika baadhi ya injini, themostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa, na injini hupata moto zaidi mlimani. Kwenye tambarare nayo hufanya kazi ikiwa baridi mno, huchoma mazutu vibaya na kuchakaa upesi.

8. KITENDO CHA KUFUNGUA

Sasa laweza kuelezwa jambo lenye uzito kuliko yote. Maji ya nyuzi 110 ndani ya mfumo wenye kanieneo yametulia. Hayatokoti, hayatoi sauti. Utulivu huo ndio unaodanganya. Mtu akizungusha kifuniko na kukiondoa, kanieneo huanguka mara moja kufikia ile ya nje. Bukavu, maana yake ni kwamba maji yanayoweza kukaa maji kwenye nyuzi 95 tu yamejikuta na nyuzi 15 za ziada. Joto hilo la ziada lazima litoke, nalo hutoka kwa kugeuza sehemu ya maji kuwa mvuke papo hapo.

Hesabu si ngumu. Hata kama ni lita 10 tu zenye joto hilo, takribani asilimia 2.8 yake hugeuka mvuke, yaani kama gramu 280. Maji hayo yasingejaza kikombe kimoja kikubwa. Lakini yakigeuka mvuke huko Bukavu huhitaji nafasi ya zaidi ya lita 500, na njia ya kutokea ni mdomo mmoja mwembamba ulio mbele ya uso wa mtu. Mvuke hautoki peke yake. Husukuma mbele yake maji yanayochemka. Kosa lile lile likifanywa penye usawa wa bahari, ziada ni nyuzi 10 na mvuke ni kama lita 300. Kwa hiyo mji wa mlimani humwadhibu mzembe kwa ukali zaidi.

Utaratibu salama ni mfupi. Gari lisimamishwe na injini izimwe mvuke ukionekana. Isubiriwe nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono mtupu na kubonyea. Kifuniko kifunikwe kwa kitambaa kinene, kizungushwe kidogo, kiachwe kitoe sauti yake yote ya kupumua, ndipo kiondolewe, uso ukiwa mbali. Maji yaongezwe polepole, yasiwe baridi sana, maana maji baridi yakikutana ghafla na chuma cha moto hupasua kichwa cha silinda. Yasipite alama ya juu. Maji ya mvua iliyokusanywa safi ni bora kuliko maji yenye chokaa nyingi, kwa sababu chokaa hujibandika ndani ya injini na kuzuia joto lisitoke. Na maji yenye antigel yasiachwe chini wala katika chupa za kunywea: ni matamu kwa ladha, na ni sumu kwa watoto na wanyama.

9. JINA NA KAZI

Istilahi kanieneo yaweza kuwa mfano wa istilahi njema. Anayeisikia kwa mara ya kwanza, akijua kani na akijua eneo, amekwisha kupata nusu ya maana. Kinyume chake, chupa humwambia msikiaji umbo la kitu na kumficha kazi yake.

Makala haya hayadai kwamba maneno ya mafundi yafutwe. Rejeta, radiatere, pampu na feni yameingia katika lugha na yanatosha, maana hakuna anayeumia kwa kuyatumia. Panapohitajika uangalifu ni pale jina moja linapobeba vitu viwili ambavyo kanuni zake za usalama zinapingana. Hapo pangefaa majina mawili: chupa ya akiba kwa chombo kilicho wazi, na chombo cha mtanuko kwa kile chenye kanieneo. Kifuniko nacho kiitwe kifuniko cha kanieneo, ili mwenye kukishika akumbushwe kilichomo chini ya kiganja chake.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hadhi hiyo haikamiliki kwa hotuba na ushairi pekee. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada ya uchunguzi wangefaidika kwa kwenda magerejini na daftari, kuandika majina ya vifaa jinsi yanavyosemwa, kisha kuuliza juu ya kila jina: linamwambia nini kijana anayejifunza kazi, na linamficha nini?

10. HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba chombo cha mtanuko hupokea maji yaliyoongezwa na joto, hutenga hewa, na hutunza kanieneo inayozuia maji yasichemke. Kanieneo hiyo ni mlinzi wa injini wakati wote kifuniko kimefungwa, na ni hatari kwa mtu mara tu kinapofunguliwa bila subira. Imeonyeshwa pia kwamba jina chupa, lililo kweli kwa chombo cha aina ya kwanza, limehamia chombo cha aina ya pili bila onyo lolote kuhama nalo. Fundi atakayemwambia mwanafunzi wake «hiki si chupa», na kumweleza kwa nini, atakuwa amefanya kazi ya mwalimu wa fizikia na ya mwanaistilahi kwa wakati mmoja.